Jinsi ya Kutafuta Ufadhili wa Masomo ya Chuo kwa Mwanafunzi Mwenye Ulemavu Nchini Kenya

Fedha za kumsomesha mwanafunzi mwenye ulemavu katika chuo kikuu au chuo cha kiufundi nchini Kenya hazikai mahali pamoja. Sehemu iko katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu (NCPWD), nyingine katika Hazina ya Vyuo Vikuu na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), nyingine katika ofisi ya eneo bunge, nyingine kwa mwakilishi wa wanawake wa kaunti, na nyingine katika chuo chenyewe au kwa mashirika ya kibinafsi. Kila ofisi ina fomu yake, msimu wake na kamati yake, na ni nadra ofisi moja kumweleza mwombaji habari za nyingine. Ndiyo maana wazazi wengi hubisha mlango mmoja tu, ule waliosikia kwa jirani, na wakikosa hapo huamini kwamba hakuna msaada wowote. Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao, kwa maoni yangu, humwokolea mwombaji nauli na muda: kwanza karatasi, kisha hesabu ya gharama, kisha milango yenyewe, kila mlango ukiombwa kile unachoweza kulipa.

Usajili na karatasi

Karibu kila ofisi itataka uthibitisho wa ulemavu, na uthibitisho unaotambulika kwa urahisi zaidi ni usajili wa NCPWD, si barua ya mwalimu mkuu wala kadi ya kliniki. Usajili huanzia hospitalini. Mwombaji hufika katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa kufanya tathmini ya ulemavu, akachunguzwa na wataalamu, nao wakajaza ripoti inayotaja aina ya ulemavu na kiwango chake. Ripoti hiyo ikishaidhinishwa na Wizara ya Afya, Baraza humpa mwombaji nambari na kadi. Baraza lina ofisi katika kaunti, na huduma zake zimekuwa zikihamishiwa kwenye mfumo wa eCitizen, kwa hivyo ni vyema kuuliza kwanza kama hatua unayotaka kuchukua inafanyika ofisini au mtandaoni kabla ya kulipa nauli ya kwenda mjini. Mtoto ambaye hajapata kitambulisho husajiliwa kwa cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho cha mzazi au mlezi.

Usingoje matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ndipo uanze. Katika hospitali nyingi tathmini hufanywa siku maalumu, madaktari wanaohitajika huenda wasipatikane siku moja, na idhini nayo huchukua muda wake. Mwanafunzi anayeanza shughuli hii akiwa kidato cha tatu huwa na kadi mkononi wakati wenzake wanapopanga foleni. Aliyesajiliwa utotoni naye ahakikishe kwamba taarifa zake zimeunganishwa na kitambulisho chake cha taifa pindi anapokipata.

Jambo linalochelewesha maombi kuliko umaskini wa mwombaji au uhaba wa fedha ni majina. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cheti cha KCSE kina matatu, kadi ya ulemavu imeandikwa jina la babu kwa herufi tofauti, na akaunti ya benki ina mpangilio mwingine kabisa. Mfumo wa kompyuta hauwezi kukisia kwamba hao wote ni mtu mmoja. Ziweke karatasi zote mezani, uzisome herufi kwa herufi, na kama kuna tofauti, anza kuirekebisha sasa au uandae kiapo cha majina mbele ya wakili.

Pia usichanganye tathmini ya hospitali na ile ya vituo vya tathmini ya elimu, maarufu kama EARC, ambavyo viko chini ya Wizara ya Elimu. Vituo hivyo huangalia namna mtoto anavyojifunza na aina ya shule au msaada unaomfaa, na ripoti zake hutumika katika mambo kama kuombewa muda wa ziada au karatasi za Breli katika mitihani ya kitaifa. Ripoti hiyo ni ya thamani na inafaa kuambatishwa, lakini haichukui nafasi ya usajili wa NCPWD.

Wapo wanafunzi ambao ulemavu wao hauonekani kwa macho: wenye kifafa, usonji, matatizo ya afya ya akili ya muda mrefu, au waliopoteza uwezo wa kusikia wa sikio moja na kupungukiwa na wa lile la pili. Wengi wao hawajisajili kwa kuhofia kunyanyapaliwa, au kwa sababu wameambiwa kwamba "wanaonekana wazima". Kinachoamua ni tathmini, si macho ya karani. Tena kumweleza mfadhili hali yako si sawa na kuitangaza darasani. Unaweza kuomba msaada kwa siri na ukaendelea kuwa na uhuru wa kuamua ni nani mwingine ajue.

Hesabu ambayo muundo wa karo hauionyeshi

Chuo kinapokuita, hukutumia muundo wa karo. Karatasi hiyo huorodhesha ada za masomo, usajili, mitihani na malazi, na mwombaji mwenye haraka huinakili kama ilivyo katika kila fomu. Hapo ndipo mwanafunzi mwenye ulemavu anapojipunja, kwa kuwa gharama zinazomtofautisha na wenzake hazimo humo.

Chukua karatasi nyingine uandike siku yako moja chuoni tangu asubuhi hadi usiku. Utatoka wapi kwenda wapi, na nani atakusukuma au kukuongoza? Je, matatu zinazopita njia hiyo hukubali kiti cha magurudumu, au itakubidi ulipe bodaboda au teksi kila siku? Mhadhara utaufuata vipi kama husikii? Vitabu utavisoma vipi kama huoni? Nani atakupikia, kukuosha au kukufulia kama mikono haikuruhusu? Kila jibu lina bei yake: mkalimani wa lugha ya ishara, msaidizi, karatasi za Breli, betri za vifaa vya kusaidia kusikia, matengenezo ya kiti, chumba cha chini kilicho karibu na madarasa, mafuta ya kukinga jua kwa mwenye ualbino. Tafuta bei halisi kwa muuzaji au mtoa huduma na uombe ankara ya makadirio yenye muhuri, kwani kamati huamini karatasi kuliko makisio.

Wakati huohuo ondoa katika hesabu kile kinachopatikana bure. Programu ya NVDA, kwa mfano, humsomea asiyeona yaliyo kwenye skrini ya kompyuta bila malipo, ilhali JAWS inayofanya kazi kama hiyo huuzwa ghali. Ukiomba fedha za programu ghali bila kueleza kwa nini ile ya bure haikutoshi, utakuwa umempa mkaguzi sababu ya kulitilia shaka ombi lako lote.

Ukimaliza utakuwa na mafungu manne: karo, matumizi ya kila siku, vifaa, na huduma za watu kama wakalimani na wasaidizi. Yatenganishe, kwa sababu hazina nyingi za umma haziwezi kulipa yote manne. Basari nyingi hulipwa moja kwa moja kwa chuo na haziwezi kugeuka kuwa nauli wala chakula, hata mwanafunzi akiwa na shida kiasi gani.

Ufadhili na mkopo wa serikali

Mwanafunzi anayetaka nafasi katika chuo cha umma hupitia huduma ya KUCCPS, ambayo huzingatia watahiniwa wenye ulemavu inapogawa nafasi. Faida hiyo hupatikana ikiwa tu ulemavu umetajwa na kuthibitishwa katika ombi, kwa hivyo usiache sehemu hiyo wazi ukidhani kwamba shule yako ilikwisha kutoa taarifa hizo ulipokuwa ukijisajili kwa mtihani.

Ukishapata nafasi, unaomba ufadhili na mkopo kupitia tovuti ya serikali ya hef.co.ke. Mfumo ulioanza mwaka wa 2023 humpima kila mwombaji kulingana na hali ya familia yake, na ulemavu ni miongoni mwa mambo yanayotiwa kwenye mizani hiyo. Kwa vyuo vikuu kuna makundi matano. Kwa mgawanyo uliowekwa, mwanafunzi wa kundi la kwanza hupewa ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya kozi na mkopo wa asilimia 25, familia yake ikibaki na asilimia 5. Wa kundi la tano hupewa asilimia 30 za ufadhili na 30 za mkopo, na familia hutafuta asilimia 40. Ufadhili haurudishwi. Mkopo wa HELB hurudishwa, na riba yake kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka. Wanaokwenda vyuo vikuu vya kibinafsi huweza kuomba mkopo lakini hawapati ule ufadhili wa serikali, tofauti ambayo familia huitambua mara nyingi baada ya kuchelewa. Mfumo huu umefikishwa mahakamani na karo zenyewe zimefanyiwa marekebisho, kwa hivyo tegemea tangazo la mwaka wako badala ya maelezo ya kaka au dada aliyekutangulia.

Kosa la kawaida katika fomu hii ni kutaja mapato ya familia na kusahau matumizi yanayotokana na ulemavu. Mzazi anayepokea mshahara wa wastani lakini ambaye sehemu kubwa ya mshahara huo huishia kwenye dawa, mazoezi ya viungo na nauli ya kliniki, kwenye kompyuta ataonekana ana uwezo. Ukiwekwa katika kundi usilostahili, kata rufaa katika muda uliotangazwa na uambatishe kadi ya ulemavu, stakabadhi za hospitali na ile hesabu yako ya gharama. Rufaa isiyo na karatasi mpya hurudisha jibu lilelile.

Baraza lenyewe

Watu wengi huijua NCPWD kama mahali pa kuchukua kadi. Baraza hilo lilianzishwa chini ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003, ambayo sasa imebadilishwa na sheria mpya ya 2025, na hazina ya maendeleo iliyo chini yake imekuwa ikitoa misaada ya aina kadhaa. Miwili inamhusu mwanafunzi. Wa kwanza ni msaada wa elimu, ambao huombwa kwa fomu inayoambatana na nakala ya kadi, barua ya kukubaliwa chuoni, muundo wa karo na matokeo ya masomo. Wa pili ni vifaa: viti vya magurudumu, magongo, fimbo nyeupe, vifaa vya kusaidia kusikia, mashine za Breli na kadhalika. Hayo ni maombi mawili tofauti. Ombi la kifaa huhitaji maelezo ya mtaalamu yanayosema ni kifaa gani hasa kinakufaa na cha vipimo gani, kwa kuwa kiti kisichokutosha hudhuru mgongo. Kwa watu wenye ualbino upo mpango maalumu wa mafuta ya kukinga jua na mahitaji mengine, na mwanafunzi anayehamia kaunti nyingine kwa masomo afuate utaratibu wa kuhamisha huduma hiyo kabla mafuta hayajamwishia.

Iulize ofisi ya kaunti ni lini kamati itakaa kuyaangalia maombi. Fomu iliyowasilishwa siku moja baada ya kikao husubiri kikao kijacho, na hakuna barua ya kulalamika itakayobadilisha hilo.

Eneo bunge, kaunti na mwakilishi wa wanawake

Basari za NG-CDF, hazina ya serikali ya kitaifa ya maendeleo ya maeneo bunge, hutolewa na kamati ya eneo bunge. Sheria yake ya mwaka 2015 inataka kamati hiyo iwe na mwakilishi wa watu wenye ulemavu, naye ndiye mtu ambaye mwombaji anapaswa kumfahamu kwa jina. Si kwa ajili ya kupendelewa. Ni kwa sababu yeye ndiye anayeweza kuieleza kamati kwa nini mwanafunzi kiziwi anahitaji zaidi ya kiwango kile kile kinachogawiwa kila mmoja. Hazina hii imekuwa ikibishaniwa mahakamani, hivyo hakikisha ofisini kama awamu ya mwaka wako ipo. Basari za kaunti nazo zimezua mvutano kuhusu ni ngazi ipi ya serikali inayopaswa kugharamia elimu ya juu, na kuna kaunti zinazotoa na nyingine zinazositasita.

Mlango unaosahauliwa ni NGAAF, hazina inayosimamiwa kupitia ofisi ya mwakilishi wa wanawake wa kaunti. Jina la ofisi huwafanya vijana wa kiume wadhani hawahusiki, ilhali watu wenye ulemavu, wa kike kwa wa kiume, wamo miongoni mwa walengwa wake.

Fomu za ngazi hii mara nyingi hutaka sahihi ya chifu, mhuri wa chuo na pengine barua ya kiongozi wa dini. Panga safari hizo ziwe siku moja, na uchukue nakala za kutosha. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na fedha hazifiki mashinani siku hiyo. Kwa hivyo mwanafunzi anayeripoti chuoni Agosti au Septemba aandae barua ya kukiomba chuo kimsubiri, ikiambatana na nakala ya fomu iliyopokewa.

Chuo chenyewe na mashirika

Kabla ya kuthibitisha nafasi, wasiliana na ofisi ya chuo inayoshughulikia wanafunzi wenye ulemavu. Chuo Kikuu cha Kenyatta, kwa mfano, kina kurugenzi nzima ya kazi hiyo. Uliza maswali mahususi: Kuna wakalimani wangapi, na wanahudumia idara ngapi? Nani hugeuza vitabu kuwa Breli au maandishi ya kompyuta? Je, msaidizi wangu atalipia malazi? Kuna kazi za malipo kwa wanafunzi ambazo ninaweza kuzimudu? Majibu yaombe kwa maandishi, kwa kuwa barua ya chuo inayokiri kwamba huduma fulani haipo ni kiambatisho chenye nguvu kuliko aya kumi za maelezo yako. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu na kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine zinazomfaa, na si utovu wa adabu kuikumbusha ofisi hiyo kwa upole.

Kwa anayetaka ufundi, zipo taasisi ambazo mazingira yake yaliandaliwa tangu mwanzo: Karen kwa viziwi, Machakos kwa wasioona, Sikri kwa viziwi na wasioona. Huko gharama za huduma huwa zimekwisha kumezwa na taasisi, na hesabu yako yote hupungua.

Mpango wa ufadhili wa Mastercard Foundation, ulioanza mwaka wa 2012, huwalenga vijana wenye uwezo kimasomo wasio na mali, wakiwemo wakimbizi na wenye ulemavu. Hutakiwi kuliandikia shirika hilo moja kwa moja. Unaomba kupitia chuo mshirika, kama vile USIU-Africa jijini Nairobi, Makerere kule Kampala au Carnegie Mellon Africa ya Kigali. Basari ya Wings to Fly ya benki ya Equity, ambayo hutajwa sana kila basari zinapozungumzwa, ni ya shule za sekondari, kwa hivyo usipoteze muda nayo. Vyama kama Kenya Union of the Blind, chama cha kitaifa cha viziwi (KNAD), Albinism Society of Kenya na APDK (chama cha wenye ulemavu wa viungo) huenda visiwe na fedha za karo, lakini husikia matangazo mapema na huweza kukuandikia barua ya utambulisho.

Anayelenga shahada ya uzamili ng'ambo atazame ufadhili wa Jumuiya ya Madola nchini Uingereza, DAAD ya Ujerumani, Australia Awards na Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya, ambazo zote zina utaratibu wa kugharamia mahitaji ya ziada yatokanayo na ulemavu. Jihadhari na orodha ndefu zinazopatikana mtandaoni. Nyingi zimeandikwa kwa ajili ya Wamarekani. Ufadhili wa National Federation of the Blind, kwa mfano, ni wa mtu asiyeona anayeishi na kusoma Marekani, haumfikii aliye Kitui. Anayetaka kwenda huko apate ushauri wa EducationUSA ulio chini ya ubalozi wa Marekani jijini Nairobi.

Kuandika ombi

Barua nyingi za maombi husimulia mateso ukurasa mzima na kutaja hitaji katika mstari wa mwisho. Kamati inayosoma mamia ya barua hutafuta mambo matatu: unasoma nini, nani amekwisha kulipa nini, na kimebaki nini. Sema hivi, kwa mfano: "Mimi ni kiziwi na nimepata nafasi ya kusomea stashahada ya uhasibu. Sehemu ya karo italipwa na ufadhili wa serikali, na barua yake nimeiambatisha. Nimeomba mkopo kwa ajili ya chakula na nauli. Ambacho hakijapata mlipaji ni mkalimani wa lugha ya ishara katika mihadhara ya muhula wa kwanza, kwani barua ya chuo iliyoambatishwa inaonyesha kwamba mkalimani aliyepo anahudumia idara nyingine. Naomba hazina ilipe kiasi kilichotajwa katika ankara." Ombi la namna hii linaweza kukatwa nusu na bado likaleta faida, kwa sababu kamati inajua nusu hiyo itanunua nini.

Usifiche msaada uliopata kwingine. Ofisi hizi huweza kulinganisha orodha, na chuo hupokea hundi zote. Yeyote anayedai utume pesa kwa M-Pesa ili "faili lako lisogezwe" ni tapeli, hata akiwa na picha ya nembo ya serikali.

Ukinyimwa, omba sababu kwa maandishi. Ibara ya 47 ya Katiba inakupa msingi wa kufanya hivyo pale uamuzi wa ofisi ya umma unapoathiri haki yako. Kama sababu inahusu ulemavu wenyewe, lalamiko linaweza kupelekwa kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa (NGEC). Ukipewa, weka kumbukumbu ya tarehe ya kuomba tena, kwani basari nyingi ni za mwaka mmoja, na mara nyingi ombi la pili hutaka matokeo ya muhula uliopita. Mwanafunzi anayelazimika kuahirisha masomo kwa sababu ya matibabu achukue barua rasmi ya chuo ya kuahirisha na kuipeleka HELB na kwa wafadhili wake wengine kabla ya muhula kuanza, ili fedha zisitumwe kwa mtu asiyekuwepo chuoni na jina lake lisiondolewe kwa kuonekana ameacha masomo.